Nilifungia Sufuria la Msaragambo

Mimi ndiye niliyeharibu chakula cha msaragambo. Si mama mkwe wangu. Mimi! Nimeona niliseme hilo mwanzoni kabisa, maana nikianza kuzunguka nitajikuta najitetea, na sina utetezi.

Jina langu silitaji. Ila watu wa kule milimani wakisoma hapa watanijua tu, kwa sababu ya madonge. Jamani, hayo madonge!

Mimi ni mzaliwa wa Same mjini, kwenye jua na upepo wa vumbi. Nimeolewa Mhezi, huko juu kwenye baridi na ukungu, ambako ukitoka nje asubuhi bila sweta mama mkwe anakutazama kama umetoka bila nguo. Tunaishi Same na mume wangu na watoto, lakini kwenye shughuli za ukoo na za kijiji tunapanda.

Shughuli kubwa kuliko zote ni msaragambo wa kusafisha ndiva. Kwa asiyejua, msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji, na ndiva ni bwawa letu la kukusanya maji ya chemchemi, yanayofunguliwa asubuhi kwenda mashambani kwa zamu. Kabla ya mvua, tope lililojaa chini lazima litolewe. Baragumu likipigwa, kila nyumba inatoa watu. Wanaume wanaingia kwenye tope, wanawake wanabeba kuni na maji, na chakula kinapikwa sehemu moja.

Sehemu hiyo ni uwanja wa mama mkwe wangu, kwa kuwa nyumba yake iko jirani na ndiva. Sufuria la msaragambo linakaa kwake, na mwiko wake mrefu kama jembe. Na chakula ni makande. Kila nyumba inaleta mahindi na maharage yake, yanachanganywa, yanalowekwa, yanachemka kwenye mafiga tangu alfajiri mpaka watu wapande kula.

Mama mkwe amepika makande hayo tangu mume wangu anatambaa. Kule juu, ukiwa mwenye sufuria hilo unasikilizwa. Kwenye kikao cha ndiva, mama akikohoa tu wanaume wanapunguza sauti.

Sasa mwaka jana magoti yalimzidia. Akanipigia simu, akaniambia, "Mkwe wangu, mwaka huu njoo upike wewe. Mimi nitakaa na kutazama. Ukiwalisha watu vizuri, mwiko nakuachia moja kwa moja."

Mimi! Mtu wa Same mjini! Wifi yangu Namkunda, dada wa mume wangu, anaishi hapo hapo Mhezi na anapika vizuri kuliko mimi, akarukwa. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mtoto akaniuliza kama naumwa.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba.

Wakati huo nilikuwa nimeona kwenye simu mama mmoja wa Ulaya akipika chakula cha sufuria moja. Anakaanga nyama ya kusaga na vitunguu mpaka inageuka rangi, anaweka nyanya, karoti na viazi, anamimina maji inakuwa rojo. Halafu anakanda unga wa ngano laini laini na baking pauda na siagi, anaudondosha kwa kijiko juu ya lile rojo, madonge madogo madogo, anafunika. Mvuke unayaivisha. Anafunua, yameumuka meupe, yamekaa juu ya nyama yametulia.

Nilijaribu nyumbani. Niliongeza tangawizi mbichi ya kwetu na hoho. Jamani, yalitoka! Donge ukilikata ndani ni sponji, chini limenyonya rojo la nyama. Watoto walilamba sahani. Mume wangu alikula, kisha akafungua mkanda wa suruali.

Nikamwambia, "Ndiyo nitakachopika kwenye msaragambo."

Mkono wake ukaishia njiani kwenda mdomoni. "Hiki ni chakula cha nyumbani," akasema. "Kule watu wanatoka kwenye tope. Wape makande."

"Makande kila mwaka! Hamchoki?"

"Hatuchoki," akasema, akaendelea kula.

Ningemsikiliza! Lakini nilishaona picha kichwani. Wazee wa Mhezi wanapangusa midomo wanauliza, huyu mkwe ametolewa wapi? Namkunda amenuna pembeni. Nilitaka kuchukua ule mwiko kwa kishindo.

Nilinunua nyama ya kusaga nyingi buchani, nikaipanga kwenye boksi la barafu, nikabeba unga wa ngano na kopo zima la siagi, nikapanda mlima. Mama mkwe aliniona nashusha mizigo akafurahi. "Umeleta nyama ya kuongezea kwenye makande! Mungu akubariki." Sikumsahihisha. Niliitikia amina, nikaingiza boksi ndani.

Mahindi na maharage ya kijiji yalikuwa tayari yamelowekwa kwenye pipa la plastiki. Mama aliyaloweka mwenyewe na magoti yake yale, ameinama kwa kushika ukuta.

Asubuhi ya msaragambo nikaamka mapema kuliko wote. Nikaliburuta lile pipa mpaka stoo nyuma ya nyumba, nikalifunika gunia. Mama alipotoka na fimbo yake, nikaweka uso wa huzuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona hujabandika?"

"Mama, mahindi yamechacha. Nimefunua pipa harufu ikanipiga. Nimeyamwaga."

Alinitazama. Mimi nikatazama mafiga.

"Yamechacha?" akauliza. "Kwa baridi hii?"

"Ndiyo mama. Lakini usijali, nina nyama na unga. Nitapika kitu watu hawatasahau."

Hapo nilisema kweli. Hawajasahau mpaka leo.

Mama akasema, "Basi pika, mwanangu. Watu wasikae na njaa." Akaenda kukaa juu ya ukuta wa ndiva na wazee wenzake.

Nikaanza kazi. Nyama ilikaangika, vitunguu vikanukia uwanja mzima, mpaka wanaume kwenye tope wakawa wananyoosha shingo. Rojo likachemka. Nikakanda unga kwenye beseni, nikadondosha madonge moja moja, sufuria zima likajaa. Nikafunika. Nilikuwa najisikia waziri!

Sasa sikilizeni nilipojichimbia kaburi.

Kwenye msaragambo chakula ni cha wote, na kila mwanamke anayepita jikoni hukoroga. Amebeba kuni, anazitua, anakoroga. Ameleta maji, anakoroga. Hata bibi aliyekuja kuomba moto wa kuwashia kwake anafunua, anachungulia, anakoroga mara mbili tatu, ndipo anaondoka. Makande hayana neno. Yanakorogwa na kijiji kizima na yanazidi kuwa mazuri. Na kukoroga ndiyo namna ya kusema, na mimi nimo.

Lakini madonge ukiyafunua kabla ya wakati yanasinyaa. Ukiyakoroga, umeyaua.

Nilijua mila hiyo. Siwezi kusingizia ugeni, nimeolewa miaka. Ningeweza kusimama nikasema, jamani akina mama, chakula hiki kina masharti yake, nisaidieni kukilinda. Wangenicheka, wangenikubalia. Lakini sikutaka kuomba. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikachukua jiwe kubwa, nikaliweka juu ya kifuniko.

Wa kwanza kufika alikuwa Namkunda na mzigo wa kuni. Akautua. Akanyoosha mkono kwenye mwiko, akaliona jiwe.

"Wifi! Umefungia nini humo? Mtoto?"

"Hakifunuliwi," nikasema. "Subirini."

"Hakifunuliwi?"

"Hakifunuliwi, wifi. Ndivyo kinavyopikwa."

Akawageukia wenzake waliokuwa wanapanda na ndoo. "Njooni muone! Sufuria la Same mjini lina mlinzi!"

Wakacheka, lakini kicheko hakikuwa kitamu. Mama Elinaza, jirani yetu, mwanamke mtu mzima na mpole, alisimama mbele ya lile jiwe mikono kiunoni. "Tangu nimeolewa hapa," akasema polepole, "sijaona sufuria la msaragambo lenye kufuli." Akaondoka bila kutua ndoo yake. Alirudi nayo mtoni, maji yake yamejaa!

Habari zikashuka kwenye tope kabla hata ya mvuke wangu. Mkwe wa mama amefungia chakula. Anaficha nini? Nyama ni kidogo? Amebana fungu la nyumbani kwake? Na ninyi mnatujua Wapare. Jambo dogo tunalipeleka mpaka lipate wajumbe.

Mimi nikasema moyoni, wacha waseme, wakionja watanyamaza. Baragumu la kula likapigwa. Nikakimbilia ndani kuchukua sahani na mabakuli.

Nimetoka na sahani nimezikumbatia, naona jiwe liko chini. Kifuniko kiko chini. Namkunda ameshika mwiko kwa mikono miwili, anakoroga kwa nguvu zote za ukoo, jasho linamtoka!

"Wifi! Wifi, nimekuokoa!" akaniambia. "Kilikuwa kinaanza kushika chini! Na haya manyama yako meupe yalikuwa yanaelea, nimeyazamisha!"

Sahani ziliniponyoka. Nyingine zilikuwa za udongo.

Nilichungulia. Ndugu zangu, hakukuwa na donge hata moja. Unga ulikuwa umepasuka ukachanganyika na rojo, kitu kizima kimegeuka kijivu, kizito, kinatoa mapovu polepole, pwu, pwu. Karoti moja ilijitokeza juu, ikazama tena.

Na foleni ilishajipanga. Wanaume wana tope mpaka magotini, wanapiga miluzi, wana njaa kweli kweli.

Nikapakua. Ningefanya nini? Kila upawa ulikuwa unakataa kuachia. Unaugeuza, chakula kimebaki juu, unaugonga kwenye ukingo wa sahani mpaka kianguke.

Mzee Kiangi, mwenyekiti wa ndiva, ndiye huanza kula. Ni mtu wa heshima sana, hapendi kuudhi. Alitia kijiko, akatafuna, akatafuna tena, akatafuta cha kutafuna hakukiona.

"Binti yangu," akasema, "hiki kinaitwaje?"

"Madonge, baba."

"Madonge." Akatazama sahani, akaiinamisha upande. Chakula hakikumwagika. "Ni cha kula sasa hivi, au tukapige lipu ukuta wa ndiva?"

Watu wakaangua kicheko mpaka tope likawa linawadondoka. Mume wangu alikuwa katikati yao. Alikula sahani yake yote ameinamisha kichwa, nami nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Kicheko kikaisha, njaa ikabaki. Yeyote aliyechimba tope anajua, unataka kitu cha kutafuna, kikae tumboni mpaka jioni. Mmoja mmoja wakaanza kuchukua majembe. "Nakwenda mara moja nyumbani." "Narudi sasa hivi." Hawakurudi. Nusu ya tope ikabaki ndani ya ndiva, na zamu za maji za watu wa mashamba ya chini zikapunguzwa mpaka msaragambo mwingine uitwe.

Mzee Kiangi akaweka sahani chini. Sasa hakuwa anatania. "Mahindi yetu yako wapi?" akauliza. "Kila nyumba ilileta. Nyumba yangu ilileta."

Nikaanza kukwangua sufuria kwa upawa.

Mama mkwe alikuwa ameinuka kwenye ukuta. "Ngojeni," akasema, "nitazame kama kuna ndizi za kuwapa hao waliobaki." Akaenda na fimbo yake nyuma ya nyumba.

Stoo! Ndizi zinakaa stoo!

Nilisimama pale na upawa mkononi, namsikia anasukuma mlango. Aliporudi hakuwa na ndizi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa ameutumbukiza kwenye pipa, ameyashika yale mahindi, ameyanusa.

Nikajua nimekwisha. Mbele ya kijiji, mbele ya mume wangu, mbele ya Namkunda!

Mama akajifuta mkono kwenye kanga yake, akamwambia Mzee Kiangi, "Mahindi yalichacha. Niliyaloweka mimi, na pipa sikuliosha vizuri. Uzee huu. Mkwe wangu alijaribu tu kuniokoa na alichokuwa nacho."

Kisha akakaa.

Hakunitazama. Hata kidogo.

Na mimi nikanyamaza. Hili ndilo ungamo langu, ndugu zangu. Unga kuharibika ni bahati mbaya, jiwe ni ujinga, lakini pale nilipaswa kusema, na nilinyamaza. Nilisikia hata nafuu! Nilishusha pumzi, nikaanza kukusanya sahani.

Mzee Kiangi alimwangalia mama kwa muda. Akasema kwa upole, "Basi mama, umetuhudumia vya kutosha. Pumzika. Sufuria liende kwa mama Elinaza."

Vijana wakalibeba siku ile ile, na mwiko ndani yake. Mama alilisindikiza kwa macho mpaka likapinda kona ya migomba.

Alipoingia ndani aliniambia maneno machache tu. "Yale mahindi yapike. Yasije yakachacha kweli."

Hebu fikirieni. Mahindi na maharage ya kijiji kizima! Na tuliishasema yamemwagwa, kwa hiyo majirani wasinuse. Tulifunga mlango, tukafunga dirisha, tukaziba upenyo wa chini kwa gunia lile lile. Nikapika kwenye sufuria la nyumbani, fungu baada ya fungu, moshi unanitoa machozi na hayakuwa ya moshi peke yake. Tukala makande asubuhi na chai ya tangawizi. Mchana makande. Jioni mume wangu akauliza kuna nini, nikamwambia makande, akasema aha. Watoto wakaanza kutaja makande kwenye sala. Kuku walikula, mbwa akala, akafika mahali akakataa. Na mama alikuwa anakaa nasi mezani, anakula taratibu, anasema, "Yameiva vizuri," bila kuweka neno lingine.

Bora angenigombeza! Angenitukana hata kwa Kipare nisichokielewa vizuri! Tulirudi Same na akatufungashia mengine kwenye ndoo.

Miezi ikapita. Mama akinipigia simu anauliza watoto, anauliza upepo wa Same, anaaga. Kila nikitaka kusema, ulimi unakuwa mzito. Najiambia, yameshapita, yeye mwenyewe ameyamaliza, nitafukua ya nini? Mnaijua hiyo sauti. Ni tamu sana.

Mume wangu hakuniuliza chochote. Siku moja tu, nilipopika tena yale madonge nyumbani, yakaumuka vizuri vile vile, akala moja akasema, "Mama angeyapenda haya." Nililia mpaka rojo likapoa.

Basi msaragambo mwingine ukaitwa, kabla ya mvua za mwaka huu. Tukapanda.

Safari hii moto ulikuwa uwanjani kwa mama Elinaza. Nikabeba kuni kama wengine, kichwa chini. Wanawake wakaniamkia kwa heshima tu, bila utani, na kwa Wapare hiyo ni adhabu kubwa. Sufuria liko kwenye mafiga, makande yanachemka. Anayepita anakoroga. Namkunda akakoroga. Bibi mmoja asiye na jino akakoroga. Hata mimi nikasogezewa mwiko, nikakoroga mara moja, nikaurudisha haraka.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, anachambua mboga. Akainuka kwenda kumwaga taka. Njia inapita kando kabisa ya sufuria, mvuke ukampiga usoni. Mwiko ulikuwa mbele yake, karibu kuliko fimbo yake mwenyewe.

Akapita. Hakukoroga. Akamwaga taka, akarudi, akapita tena, akakaa.

Jamani! Mwanamke aliyepika kwenye lile sufuria ujana wake wote anaogopa kuligusa! Kwa ajili yangu! Mimi niliyejifunza kupika kwenye simu nimekoroga, yeye amepita.

Watu wakaitwa kula. Wakakaa na sahani zao. Nikasimama. Mume wangu akaniangalia, akaweka sahani chini.

"Naomba mnisikilize," nikasema, sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. "Mahindi ya mwaka jana hayakuchacha. Niliyaficha stoo. Nilitaka nipike chakula changu nisifiwe. Mama aliyakuta, akanibebea. Hakukosea chochote. Mimi ndiye niliyewadanganya, na mimi ndiye niliyewaibia mahindi yenu."

Vijiko viliendelea kugonga sahani.

Mzee Kiangi akameza alichokuwa anatafuna. "Tulijua," akasema.

"Mlijua?"

"Wifi!" Namkunda akadakia. "Mlipika makande siku nzima milango imefungwa. Unadhani huku juu hatuna pua? Mbwa wenu alikuja kwangu kukimbia makande!"

Wakacheka, na safari hii kilikuwa kicheko chenyewe. Mimi sikuweza. Nikauliza, "Sasa kwa nini mkamnyang'anya mama sufuria?"

"Mama alisema ni yeye," Mzee Kiangi akanijibu. "Tungemwita mwongo mbele ya wanawe? Tuliamua kumngojea mwenye kosa aseme. Umechelewa, binti. Tulidhani ungesema siku ile ile, kabla sufuria halijapinda kona."

Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinanisubiri mimi! Kila mtu alikuwa anakula mwaka mzima na jambo langu mdomoni.

Wakanipa faini papo hapo. Niliingia kwenye tope na wanaume mpaka jioni, na ndoo. Tope la ndiva linanuka vyura, nawaambieni. Sandali yangu moja iko kule chini mpaka leo, wataikuta msaragambo ujao. Na jina nimepata. Siku hizi nikishuka kwenye gari tu naisikia migombani, "Madonge amefika!"

Kuhusu mwiko, mama mkwe amerudishiwa pamoja na sufuria, na ameshasema mbele ya wote kwamba siku akichoka kabisa utakwenda kwa Namkunda. Imenichoma. Nilikuwa nimeshaupata mkononi, ndugu zangu, nilipewa bila kuomba, kilichotakiwa ni kuchemsha mahindi tu.

Lakini nataka niwaambie kilichotokea nilipomaliza kusema, kabla sijaingia kwenye tope. Mama mkwe hakunikumbatia. Hakulia. Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile, akauliza kwa ukali, "Nani amekutuma kusema?"

"Hakuna, mama."

Akashika fimbo yake. Akainuka taratibu na magoti yake. Akaenda mpaka kwenye sufuria, akauchukua mwiko mkononi mwa mama Elinaza bila hata kuuomba, akakoroga. Akakoroga mpaka chini kabisa. Akaonja kwenye kiganja.

"Chumvi haijatosha," akasema.

Mama Elinaza akamkimbilia na kopo.

Wenzangu mnaosoma hapa, hasa ninyi wakwe wapya mnaotaka sifa, pikeni mnachotaka, na madonge ni matamu sana, nitamwelekeza yeyote. Ila waambie watu unapika nini. Na ukiona mtu mzima amesimama mbele za watu akabeba kosa lako, usifanye kama mimi, usishushe pumzi. Sema pale pale, hata kama sauti haitoki, na upawa ukiwa bado mkononi. Mimi nilinyamaza, na mama yangu akakaa mwaka mzima anapita kando ya sufuria lake mwenyewe kama mgeni.